Mguu Uliowahi Kuganda Damu

Somo la afya kwa wafanyakazi wa viwandani na mashambani



Somo letu la safari hii ni juu ya ugonjwa ambao wengi tunauona jioni, mwenzetu anapovua buti, lakini jina lake hatulijui. Mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake. Alama ya soksi imezama nyamani. Ngozi ya karibu na kifundo imekuwa nyeusi na ngumu, inawasha, na pengine pana donda ambalo halijafunga tangu mwaka jana. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu, "Ni ule ugonjwa wangu wa zamani." Mara nyingi hasemi uongo. Miaka michache nyuma damu iliganda ndani ya mguu ule, akatibiwa, akaambiwa amepona, akarudi kazini. Bonge la damu lilikwisha, lakini mshipa haukurudi kuwa kama ulivyokuwa.

Chama kinapaswa kulijua jambo hili, kwa sababu mwenye mguu wa namna hii huitwa mvivu na nyapara, huitwa aliyerogwa na majirani, na akiwa aliumia kazini hupewa fidia ya mfupa peke yake. Tutafika huko kwenye fidia. Kwanza tuelewe mguu wenyewe.

Damu inavyopanda

Tuelewane kidogo juu ya neno mshipa, maana kwetu limebebeshwa mzigo mkubwa. Mwenye ngiri husema ana mshipa, mwenye maumivu ya kiuno husema mshipa umekaza, hata kano huitwa mishipa. Katika somo hili mshipa ni bomba la damu tu. Mabomba hayo ni ya namna mbili: ateri huleta damu kutoka moyoni, na vena huirudisha moyoni. Ugonjwa wetu ni wa vena, hasa zile kubwa zilizofichwa ndani ya nyama.

Damu ya mguuni ina mlima wa kupanda. Kinachoisaidia ni shavu la mguu. Ukipiga hatua, nyama za shavu zinaminya vena kama mkono unavyominya chuchu ya ng'ombe, na damu inapanda. Nyama zikilegea, damu ingerudi chini, lakini ndani ya vena mna milango midogo iitwayo vali, inayofunguka kuelekea juu tu. Daktari Mwingereza William Harvey alieleza kazi ya milango hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1628, na jaribio lake hata wewe waweza kulifanya. Funga kitambaa juu ya kiwiko mpaka mishipa ya mkono itokeze, kisha jaribu kuisukuma damu kwa kidole kuelekea kiganjani. Itagoma mahali penye mlango.

Mtu akisimama wima bila kutikisika, shinikizo la damu katika vena za kifundoni hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki, yaani kipimo kilekile cha kupimia presha mkononi. Akianza kutembea na miguu yake ni mizima, shinikizo hilo hushuka hadi karibu 30. Kwa hiyo kinachoujaza mguu ni kusimama palepale. Kutembea huupunguza. Tafadhali likumbukeni hilo, kwa sababu watu wengi hufanya kinyume: mguu ukiuma wanaacha kutembea kabisa.

Bonge linapoacha kovu

Tangu siku za Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19, waganga wanataja mambo matatu yanayogandisha damu ndani ya vena: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Ukitazama maisha yetu utayaona yote matatu. Mguu umevunjika na kufungwa plasta. Mtu amepasuliwa akalala kitandani siku nyingi. Mama ni mjamzito, au amejifungua hajafikisha wiki sita. Mgonjwa ana saratani, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI. Hata safari ya kukaa kwenye basi bila kuinuka ina hatari yake: Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 kwamba safari ya saa 4 au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda kama mara mbili, ingawa kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo bado ni ndogo.

Sasa bonge limekaa ndani ya vena. Dawa hulizuia lisikue wala lisisafiri, na mwili wenyewe hulimeng'enya kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Lakini bonge huleta uvimbe na kovu, na vali ni nyororo kama ngozi ya kitunguu. Zikishikwa na kovu hazifungi tena. Mahali pengine vena hubaki nyembamba au imeziba, na damu hutafuta njia za pembeni. Tangu hapo kila hatua inapandisha damu, na sehemu yake inarudi chini. Shinikizo halishuki hata mtu akitembea. Maji yanavuja kutoka mishipani kuingia nyamani, ndiyo uvimbe. Chembe za damu nazo zinavuja na kuacha chuma ndani ya ngozi, ndio weusi ule wa kahawia. Ngozi inakosa lishe, inakakamaa, na siku kijiti cha muwa kinapoikwaruza haifungi. Hilo ndilo donda ndugu la juu ya kifundo, kwa kawaida upande wa ndani.

Si kila aliyeganda damu hufika huko. Kati ya watu 100 waliopata bonge katika vena kubwa za mguu, 20 hadi 50 hupata matatizo haya ya kudumu, wengi wao ndani ya miaka 2. Walio na hali mbaya, pamoja na wenye vidonda, ni kama 5 hadi 10. Hatari ni kubwa zaidi bonge likiwa juu, pajani au kinenani, mtu akiwa mnene sana, na hasa mguu uleule ukiganda mara ya pili. Ndiyo sababu dawa za kuzuia kuganda zisiachwe njiani.

Si matende, wala hakukanyaga kitu

Pwani watu wakiona mguu umevimba husema matende. Kwenye milima yenye udongo mwekundu wa volkano, kama sehemu za Uganda magharibi, Rwanda na Ethiopia, upo ugonjwa mwingine unaotokana na kutembea pekupeku juu ya udongo huo miaka mingi. Huo kwa kawaida huanzia vidoleni na kushika miguu yote miwili. Mguu wa bonge la zamani mara nyingi ni mmoja, na una historia: plasta, uzazi, operesheni, au uvimbe wa ghafla uliouma. Moyo na figo nazo huvimbisha miguu, kwa kawaida yote miwili. Kwa hiyo muuguzi akuulize historia, na wewe uiseme yote, hata kama ni ya miaka kumi iliyopita.

Wapo watakaosema mwenzetu amekanyaga dawa aliyotegewa njiani. Mimi sina ugomvi na wazee wa mtu. Lakini nina ugomvi na kuuchanja kwa wembe mguu ambao ngozi yake haiponi, na kuuchua kwa nguvu mguu wenye bonge bichi, kwa maana bonge laweza kukatika likapanda mapafuni.

Kazi na mguu huu

Watafiti wa Denmark walifuata wafanyakazi kwa miaka 12 tangu mwaka 1991. Waliofanya kazi wakiwa wamesimama au wakitembea muda mwingi walilazwa hospitali kwa ugonjwa wa vena zilizotutumka karibu mara mbili kuliko wengine, wanawake kwa wanaume. Hao wengi wao walikuwa watu ambao damu haijapata kuwaganda. Kwa mwenye vali zilizokwisha haribika, saa nane za kusimama ni mzigo mwingine kabisa.

Lakini tutofautishe kazi na kazi. Mchumaji chai anayepanda na kushuka mistari ana shavu la mguu linalofanya kazi. Akisimama saa nzima kwenye foleni ya mizani na kikapu mgongoni, hapo mguu unajaa. Mlinzi wa geti, mama wa kuchambua majani, mwendesha mashine ya kusokota uzi, mpakiaji wa chupa: hawa ndio wanaoumia zaidi, na mara nyingi kazi zao ndizo huitwa nyepesi. Nimewasikia viongozi wa matawi wakimwombea mgonjwa wa mguu kazi ya ulinzi, wakadhani wamemsaidia. Kama ulinzi huo hauna kiti wala ruhusa ya kutembea, wamemwongezea mzigo.

Anachohitaji ni kiti karibu na mashine, ruhusa ya kutembea dakika chache kila nusu saa, na mahali pa kuinua mguu wakati wa chakula. Pasipo nafasi ya kutembea, ainue visigino na kuvishusha mara 20 palepale alipo; hiyo peke yake inaamsha shavu la mguu. Buti zisimbane chini ya goti. Jioni alale chali na mguu uwe juu kuliko moyo kwa nusu saa, na usiku atie tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda upande wa miguuni.

Juu ya viti sheria haiko kimya. Mkataba namba 120 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unataka wafanyakazi wapewe viti vya kutosha na nafasi halisi ya kuvikalia. Kweli mkataba huo ni wa maduka na ofisi. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke mahali pa kukaa kwa wafanyakazi wote wanaofanya kazi wakisimama, ili wapumzike nafasi inapopatikana. Walio nje ya Kenya wanaweza kuiweka mezani kama mfano.

Bandeji, soksi na donda

Kufunga mguu kwa bandeji ya kuvuta, au kuvaa soksi za kubana, ndiyo tiba kubwa ya uvimbe na ya donda. Ifungwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, ianzie mwanzo wa vidole mpaka chini kidogo ya goti, ikaze zaidi kifundoni na ilegee inavyopanda. Iliyokaza juu na kulegea chini inadhuru.

Wengi hudhani kwamba aliyepata bonge akivaa soksi mapema atazuia mguu usiharibike. Utafiti uliofanywa Kanada na Marekani kwa watu zaidi ya 800, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014, ulilinganisha soksi za kweli na za bandia kwa miaka 2, na haukuona tofauti. Kwa hiyo mwajiri asikuambie, "Hukuvaa soksi, kosa ni lako." Soksi ni za kupunguza uzito, maumivu na uvimbe, na kusaidia donda kufunga. Zikikufaa vaa, kama hazikupi nafuu na joto la kiwandani linakutesa, zungumza na daktari.

Kabla ya kufungwa bandeji, mhudumu apime mapigo ya damu juu ya wayo. Mwenye kisukari au mvutaji sigara wa miaka mingi huenda ana ateri zilizoziba, na bandeji ya kubana inaweza kuua vidole vyake. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vikifa ganzi, fungua mara moja.

Donda lioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, lifunikwe kwa kitambaa safi kisichogandamana nalo, kisha bandeji juu yake. Msimimine humo unga wa vidonge vya rangi mbili, wala spiriti ya kuunguza. Dawa za kuua vijidudu ni za donda lililooza, lenye wekundu unaosambaa au homa; donda ambalo halina hayo linaponywa na bandeji na kuinua mguu. La miaka mingi ambalo kingo zake zimeinuka na kuota nyama lipelekwe hospitali kukatwa kipande cha kupima, kwa sababu saratani yaweza kuanzia hapo.

Vidonge na panga

Aliyepata bonge hutumia dawa ya kuzuia kuganda kwa miezi 3 au zaidi, na wengine maisha yote. Wale ambao bonge liliwajia bila sababu inayojulikana, kama mmoja kati ya 10 hupata jingine katika mwaka wa kwanza baada ya kuacha dawa. Kwa hiyo siku ya kuacha huamuliwa na daktari. Asiiamue duka la dawa, wala mfuko uliokwisha.

Dawa ya warfarini ni ya bei nafuu lakini inataka kupimwa damu mara kwa mara. Imesemwa kwamba ni sumu ya panya, na watu wameitupa. Ukweli ni huu: miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani ya Kaskazini walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani ya malisho yaliyoota ukungu, wataalamu wa Wisconsin wakakitafuta kilichowaua, na kutokana nacho wakatengeneza warfarini. Iliuzwa kwanza kuua panya, mwaka 1948, kisha mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, kwa kipimo kidogo. Kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu. Mtumiaji wake asibadilishe ghafla kiasi cha mchicha, kisamvu au sukuma anachokula. Amwambie kila mganga kwamba anaitumia, kwa maana dawa za kifua kikuu huipunguza nguvu, na Septrini na Flagili huizidisha. Aspirini na diklofenaki za kununua dukani ziachwe. Mwanamke akikosa siku zake aende kliniki upesi, kwa maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na mwanamke aliyewahi kuganda damu asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Kitanzi na njia nyingine zipo.

Mkata miwa anayetumia dawa hizi aondolewe kwenye panga kwa miezi hiyo. Jeraha dogo la panga kwake ni jeraha kubwa. Hili tawi lina haki kabisa ya kulidai, maana hata gari la kampuni huchelewa kufika mashambani.

Lini kukimbilia hospitali

Mguu wa zamani una uvimbe wake wa kawaida: jioni unajaa, asubuhi umepungua. Ukijaa ghafla kupita desturi, ukawa wa moto, ukauma upya kwenye shavu au pajani na asubuhi haukupungua, huenda ni bonge jipya. Nenda siku hiyohiyo. Na mtu akikosa pumzi ghafla, kifua kikamchoma anapovuta hewa, akakohoa damu au akazirai, bonge huenda limefika mapafuni. Hapo hakuna kungoja zamu iishe wala kuomba karatasi ya ruhusa.

Fidia

Tuchukue mfano. Fundi katika kiwanda cha sukari amegongwa na trela la miwa, muundi umevunjika. Wiki ya tatu ndani ya plasta mguu unavimba, anachomwa sindano za kuzuia damu kuganda, anapewa vidonge. Mwezi wa tano mfupa umeunga. Daktari anaandika kwamba mfupa umeunga vizuri, mfanyakazi anatia sahihi karatasi ya malipo, faili linafungwa. Mwezi wa kumi na nne mguu unaanza kujaa kila jioni. Mwezi wa ishirini, donda. Anaporudi ofisini anaambiwa huo ni ugonjwa wake mwenyewe. Juu ya mfupa hakuna aliyedanganya. Faili ndilo lililokuwa na mfupa tu.

Madaktari wenyewe hawauiti ugonjwa huu wa kudumu kabla ya miezi 3 hadi 6 kupita tangu bonge, kwa sababu uvimbe wa mwanzo bado unaweza kuisha. Basi kutia sahihi ya mwisho kabla ya miezi 6 ni kuuza usichokijua bei. Bonge liandikwe ndani ya faili la ajali, pamoja na tarehe, mguu upi, na vena ipi, na mfanyakazi abaki na nakala ya majibu ya picha ya mawimbi ya sauti. Daktari aombwe aandike kwamba mguu utapimwa tena baada ya miezi 6 na tena mwaka wa pili. Karatasi ya malipo ikiletwa mapema, katibu aombe iandikwe wazi kwamba ni ya mfupa, na kwamba suala la vena halijafungwa.

Uganda ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi iliyotungwa mwaka 2000, Kenya ina sheria ya mafao ya walioumia kazini ya mwaka 2007, na Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Zote hupima ulemavu wa kudumu kwa asilimia, lakini siku za kutoa taarifa na namna ya kukata rufaa si moja. Kila tawi liwe na kijitabu cha sheria ya nchi yake, na kisifungiwe kabatini kwa katibu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika idara yenu ni kazi zipi zinazomsimamisha mtu palepale zaidi ya saa moja? Viti viko wapi, na vinakaliwa na nani?

2. Zahanati yenu ina bandeji za kuvuta na mtu anayejua kuzifunga? Kama hana, nani atafundishwa?

3. Kuna mwenzenu aliyevunjika mguu kazini miaka 3 iliyopita? Faili lake linasema nini juu ya damu kuganda?